Siku Choo Kiliponyamaza

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jalada: Kuumizwa kwa mwanamke mzee, miaka 81, kwa uzembe wa fundi
Jina la shahidi: Kama lilivyo katika maelezo ya kwanza, ukurasa wa 4 wa jalada
Umri: Miaka 27
Jinsi: Mwanamke
Kazi: Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari
Makazi: Nyumbani kwa baba yake, nyumba ya tatu kutoka kona, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Uhusiano na majeruhi: Mjukuu
Uhusiano na mlalamikaji: Mtoto wa kumzaa
Yamechukuliwa: Alhamisi tarehe 14 Mei, kuanzia saa 3:10 asubuhi

Kabla ya tarehe na saa naomba iandikwe sauti moja. Ni sauti ya kaure ikigusa kigae. Ko. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayerudisha kikombe kwenye kisahani huku hataki asikike. Niliisikia kuanzia Ijumaa tarehe 8 saa kumi na mbili na robo jioni hadi Jumamosi tarehe 9 saa moja na nusu asubuhi. Hiyo saa moja na nusu niliinyamazisha mimi. Askari anayeniandikia ameniambia nianze mwanzo. Nitaanza mwanzo, lakini hiyo sauti naomba ibaki hapo juu.

Haya ni maelezo yangu ya pili. Ya kwanza niliyatoa Jumapili tarehe 10 katika chumba hikihiki, Baba akiwa amekaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha. Yana ukurasa mmoja na nusu. Yaliyomo kuhusu umri wangu, kazi yangu na hali ya majeruhi ni kweli. Yaliyomo kuhusu nani aliyefunga choo ni uongo, na nilijua ni uongo wakati natia saini.

Nyumbani tunaishi watatu: Baba, Bibi ambaye ni mama yake mzazi, na mimi. Baba ni mkaguzi wa majengo mstaafu. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja na mtaani hakuna anayemwita kwa jina, ni Mkaguzi tu. Kuna familia aliyoizuia isihamie nyumba yake mpya kwa sababu ngazi moja ilipungua vidole viwili. Nilipokuwa mdogo alikuwa anatusimulia makosa ya watu wakati wa kula, jinsi baba za wenzangu walivyokuwa wanasimulia mpira.

Bibi haoni. Anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Humo ndani anatembea kwa masikio. Jokofu likinguruma upande wa kushoto anajua amefika jikoni, na saa ya ukutani inamwambia yuko sebuleni. Kabla ya kukaa popote anakipiga kofi anachokikalia na kusubiri kijibu. Kiti kibovu anakijua kabla ya sisi tunaoona.

Bafuni kwetu sakafu ilikuwa inateleza. Mwezi wa tatu Bibi aliteleza akashika taulo, hakuumia. Dada yake Baba, yaani shangazi yangu, alipopata habari alipiga simu na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo niliisikia mwenyewe. Alisema: "Kaka, Mama simwachi hapo avunjike. Ama utengeneze hiyo sakafu, ama nije nimchukue." Baba alimjibu: "Mama haendi popote." Baadaye fundi alipoanza kazi na choo cha ndani kikang'olewa, Bibi akawa anavushwa uani kwenda choo cha nje. Shangazi akapiga tena. Akasema anakuja Jumamosi tarehe 9 na mumewe, na akimkuta mama yake bado anavuka uwanja, ataondoka naye siku hiyohiyo.

Naeleza haya kwa sababu askari ameniuliza haraka ilikuwa ya nini. Haraka ilikuwa ya Baba kubaki na mama yake.

Fundi aliyekuja ni huyu mliye naye hapa kituoni tangu Jumatatu. Mtaani wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila anayemharakisha. Anaweka vigae na anafunga mabomba. Ana kawaida yake moja ambayo niliiona mwaka jana alipotufungia sinki. Kabla ya kukaza nati hupitisha ukanda wa gazeti kuzunguka kitu alichokifunga. Gazeti likipenya mahali, hakazi, anafungua anaanza upya. Nilimuuliza kwa nini asitumie pima maji kama wengine. Alisema, "Natumia zote mbili, mwalimu. Ila gazeti halina aibu, linaingia popote."

Mnamo Jumatatu tarehe 4 alianza kazi. Alitaka kung'oa vigae vya zamani. Baba alikataa, akasema vipya viwekwe juu ya vya zamani maana kung'oa kungekula siku tatu. Kwa hiyo sakafu ilipanda. Jumatano jioni vigae vilikuwa vimekwisha, vya rangi ya majivu, vyenye kukwaruza vizuri chini ya mguu.

Mnamo Alhamisi tarehe 7, majira ya saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimerudi kutoka kazini. Fundi alikuwa amepiga magoti bafuni. Aliita: "Mzee, samahani, hebu njoo uone mwenyewe. Na mwalimu aje, yeye ana macho mapya."

Kwenye mdomo wa bomba la maji machafu, pale sakafuni, huwa kuna pete nene ambayo mafundi huiita flanji. Ina masikio mawili, na katika kila sikio husimama boliti. Hizo boliti mbili ndizo zinazolishika bakuli la choo lisicheze. Kati ya pete na bakuli huwekwa nta ili maji yasivuje. Yetu ilikuwa ya chuma, ya tangu nyumba ijengwe. Kwa kuwa sakafu imepanda, ilikuwa imezama. Nilitia kidole, kikaingia hadi kiungo cha kwanza kabla ya kugusa chuma. Sikio moja lilikuwa limekatika kwa kutu.

Fundi alisema: "Hii imeshajifia, mzee. Naikata, naweka mpya ikae sawa na hiki kigae kipya, naikamata kwa skrubu kwenye zege. Mpya ninayo hii hapa. Lakini siwezi kutoboa leo. Gundi ya vigae bado mbichi, nikitia drili vitapasuka vyote."

Baba: "Lini, basi?"

Fundi: "Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Baba: "Jumamosi nina wageni."

Fundi: "Basi Jumamosi utakuwa na wageni na choo cha nje."

Baba alisema zitumike pete mbili za nta, moja juu ya nyingine, zijaze lile pengo. Fundi akamjibu: "Nta inazuia maji, mzee. Haimshiki mtu."

Baba akasema: "Kijana, mimi nimekagua vyoo miaka thelathini na moja."

Fundi akasema, bado amepiga magoti: "Ndiyo, mzee wangu, shikamoo. Wewe ulikuwa unaingia mlangoni na karatasi. Mimi nilikuwa chini na tochi. Ndiyo tumekutana leo."

Nilicheka. Baba aliniona nikicheka. Sikuwahi kumcheka baba yangu mbele ya mtu, na nimelifikiria hilo siku saba sasa bila kujua niliweke wapi.

Fundi alizibua mdomo wa bomba, akashindilia tambara ndani ili harufu isipande. Tambara alilifunga uzi, na mwisho wa uzi akaufunga kwenye nusu tofali, kwamba akirudi asilisahau. Flanji mpya, ya plastiki nyeupe, aliiacha dirishani ikiwa ndani ya mfuko wake wa dukani. Bakuli la choo aliliacha limeegemezwa ukutani kwenye korido. Akiwa mlangoni aliniambia: "Mwalimu, asikae mtu hapo. Hata paka." Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Hakurudi tena mpaka Jumatatu.

Mnamo Ijumaa tarehe 8 nilifika nyumbani saa kumi na nusu jioni. Nilimkuta Baba bafuni amekunja suruali na mikono ya shati. Uzi ulikuwa umekatwa, tofali liko nje ya mlango. Pete mbili za nta alikuwa ameshazipanga. Aliniambia: "Njoo ushike huku, peke yangu naliona linanishinda."

Nikamwambia: "Baba, fundi alisema Jumatatu."

Akasema: "Fundi ana mama wa kwake. Shika."

Nilishika. Tuliliinua bakuli pamoja, yeye nyuma mimi mbele, tukaliteremsha juu ya nta. Boliti ya upande wa mlangoni ilishika. Ya upande wa ukutani haikuwa na cha kushika kwa sababu sikio lake ndilo lililokatika, kwa hiyo nati ilizunguka bure. Baba aliizungusha kwa muda mrefu. Kisha akafunika kwa kile kifuniko cheupe cha plastiki ili isionekane, akasema: "Moja inatosha. Litakaa kwa uzito wake."

Saa kumi na mbili na robo alilikalia kulijaribu, na nguo zake. Ndipo niliposikia ile sauti mara ya kwanza. Akaegemea kulia: ko. Akaegemea kushoto: ko.

Alipotoka nilichukua gazeti nikararua ukanda, nikaupitisha kama nilivyomwona fundi akifanya. Upande wa ukutani ulipita wote, ukatoka upande wa pili bila hata kukunjika. Kwa hiyo nilikuwa najua. Naomba askari aliandike hili kama nilivyolisema, kwa sababu nimeulizwa kama nilikuwa na shaka. Sikuwa na shaka. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi na rula na kifutio, nawaonyesha kitu kisichoshikwa upande mmoja kinakwenda wapi ukikielemea.

Jioni hiyo Bibi alikwenda bafuni nikimshika mkono. Alipotoka alisema sebuleni, mbele ya Baba: "Choo chenu kinabisha hodi. Katika nyumba nzima hakuna wa kukiitikia karibu?"

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo. Akasema: "Kikizoea kitaacha, Mama."

Bibi akasema: "Haya. Lakini mimi mgeni wa kugonga namna hiyo simfungulii bila kumshika mtu mkono."

Mnamo Jumamosi tarehe 9, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Baba aliniambia: "Hiyo sauti. Dada yangu asiisikie." Hakuniambia nifanye nini. Nilikwenda stoo nikachukua boksi tupu la vigae, nikakata kipande cha upana wa kiganja, nikakikunja mara nne, nikakisukuma kwa rula chini ya mguu wa bakuli upande wa ukutani mpaka kikakaza. Nilipunguza kwa wembe kilichobaki nje. Nikaegemea kulia na kushoto. Kimya. Nilifurahi. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akimaliza kazi safi, nikamwita Baba aje aone, akanishika bega.

Shangazi na mumewe walifika saa nne kamili. Kabla hata ya kuvua mtandio aliingia bafuni, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili tatu, akapapasa vigae, akavuta maji. Akatoka akisema: "Haya kaka, nimeshindwa. Nimekuja na begi tupu la nguo za Mama, narudi nalo tupu." Baba alimwambia: "Si nilikwambia? Wewe ulifikiri unashindana na nani?" Wakacheka wote. Mume wa shangazi akasema nyumba ya Mkaguzi ina cheti chake chenyewe.

Tulikula. Saa saba na dakika ishirini mchana Bibi aliomba kwenda chooni. Niliinuka nimshike mkono. Alinizuia. Alisema, na nayakumbuka maneno yote: "Kaa, mke mwenza, ule chakula chako. Leo sishikwi. Choo kigeni, na mimi sioni, tuachieni tufahamiane."

Huwa ananiita mke mwenza. Ni utani wake tangu nikiwa mdogo.

Nilimsikia akienda. Nilimsikia akifungua mlango. Nilimsikia akilipiga kofi bakuli, mara moja, na akanyamaza kusikiliza. Sisi mezani tulikuwa tunazungumza lakini mimi nilikuwa nasikiliza naye. Hakikujibu kitu. Basi akakaa.

Ilipita kama dakika nne. Kisha ulikuja mshindo, na baada yake maji yakimiminika, na baada yake Bibi akiita jina la mwanawe. Nilifika wa kwanza. Bakuli lilikuwa limelala kiubavu upande wa ukutani na Bibi alikuwa katikati yake na ukuta, mguu mmoja chini yake. Maji yalikuwa yamevuja chini tangu asubuhi, maana tambara lilibaki bombani yakapita kwa shida na nta haikushika, na kipande cha boksi kilikuwa kimelowa. Alipoegemea upande ule ili ainuke, kiliponyoka.

Niliinama. Kitu cha kwanza nilichookota pale chini kilikuwa kile kipande cha boksi. Nikakitia mfukoni mwa gauni, kikiwa kinachuruzika. Ndipo nikamshika Bibi.

Askari ameniuliza nirudie hapo. Narudia: kwanza boksi, halafu Bibi.

Nyonga ya kulia imevunjika. Daktari ametuambia kwa umri wake hatasimama tena bila kushikwa, na huenda asisimame kabisa.

Hospitalini, kwenye korido, Shangazi aliuliza: "Nani alifunga hicho choo?"

Baba alisema: "Fundi."

Shangazi akanigeukia: "Huyu fundi gani?" Nikamweleza fundi gani. Nikataja mpaka anakokaa. Hakuna aliyenilazimisha kutaja.

Jumapili asubuhi Baba alisema tunakwenda kituoni, kwamba jambo hili asipolifikisha, dada yake ataona kuna kitu. Njiani alizungumza habari za mvua tu. Tulipokaa hapa yeye alitoa maelezo yake, mimi nikaulizwa kama nakubaliana nayo, nikasema ndiyo. Yaliandikwa kwamba fundi alilifunga bakuli Alhamisi jioni, akasema kazi imekwisha na choo kitumike. Nilisomewa. Nilisahihisha saa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa saa kumi na moja na nusu na fundi aliondoka na dakika arobaini. Nilitaka uongo uwe na saa sahihi. Nikatia saini.

Mnamo Jumatatu tarehe 11, saa mbili asubuhi kasoro dakika mbili, nilikuwa getini naelekea kazini. Fundi alifika na mkoba wake, drili, na kimfuko cha skrubu. Hakuwa amesikia chochote. Alisema: "Hodi jamani. Umeona, mwalimu? Taratibu lakini nafika. Bibi hajambo?"

Nilikazana na komeo la geti. Alidhani sijasikia, akauliza tena: "Bibi hajambo lakini?"

Gari la polisi lilikuwa limeshakata kona. Baba aliwapigia simu asubuhi hiyo kwa sababu alijua fundi atakuja na alijua saa. Naomba hilo liangaliwe vizuri: mlalamikaji alijua fundi angekuja Jumatatu saa mbili na vifaa vyake. Mtu aliyekwisha maliza kazi Alhamisi anarudi na drili kufanya nini?

Fundi aliwaambia askari: "Wakuu, kazi yenyewe bado. Ndiyo kwanza nimekuja kuimalizia." Walipomshika mkono alinitazama, akasema: "Mwalimu, si waambie."

Nilisema nina kipindi saa mbili na nusu.

Hayo ndiyo niliyosema. Nina kipindi. Nikaenda kweli, nikafundisha, na ubao niliuandika vizuri.

Mnamo Jumatano tarehe 13 saa tisa alasiri nilikwenda kumwona Bibi. Alikuwa ameamka. Nilimpa maji. Alishika mkono wangu akakaa nao muda, kisha akasema: "Mke mwenza, hebu niambie. Siku ile choo kilinyamaza kwa nini?"

Nikasema: "Kilikuwa kimekaa sawa, Bibi."

Akasema: "Ijumaa kilikuwa kinabisha. Jumamosi nikakipiga kofi, kimya. Nikasema, aa, wanangu wamekitengeneza." Akasema tena: "Nilikiuliza vizuri tu."

Hakunilaumu. Haulizi kwa kulaumu. Anataka kujua masikio yake yalikosea wapi, maana hayo ndiyo aliyobaki nayo, na sasa hayaamini. Muuguzi alipopita na toroli alishtuka akanishika kwa nguvu. Hajawahi kushtuka kwa sauti ya kitu chenye magurudumu. Alikuwa anakaa barazani na kutuambia baiskeli ya nani inapita.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha bafu. Mfuko wa flanji mpya ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa ameuficha chumbani kwake tangu Jumamosi. Nilimwambia alichouliza Bibi. Hakugeuka.

Alisema: "Nimefunga nyumba za watu kwa makosa madogo kuliko haya."

Nikamwambia fundi yuko ndani siku ya tatu.

Alisema: "Atatoka. Hawana cha kumfunga nacho. Wiki mbili, tatu, watamwachia, atasahau."

Nikasema: "Baba, hizo wiki ni zake."

Hapo akageuka. Alikuwa hajanyoa. Akasema: "Shangazi yako anamchukua wiki ijayo. Nimeshashindwa, umesikia? Nimeshashindwa. Kilichobaki ni kwamba Mama anajua aliangushwa na mtu baki. Usimwambie kwamba ni mkono wangu. Nakuomba wewe mtoto wangu. Usinitoe kwa mama yangu."

Simchukii Baba. Askari ameniuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Hakuna. Alijifunga kamba ya kiatu kila asubuhi miaka thelathini na moja kwenda kuhakikisha nyumba za watu wasiomjua haziwaangukii. Nilikuwa najivunia kuitwa mtoto wa Mkaguzi. Jana nilimtazama pale kizingitini na nikaona kwamba akiniomba mara ya pili nitakubali, kwa hiyo niliondoka kabla hajaniomba mara ya pili.

Naulizwa kama nimeshawishiwa na fundi au ndugu zake kubadili maelezo. Hapana. Sijaonana nao. Mkewe alikuja getini kwetu Jumanne na nikakaa chumbani mpaka alipoondoka.

Nimeleta vitu viwili. Cha kwanza ni flanji mpya ndani ya mfuko wa dukani ambao haujafunguliwa. Pini zake zipo. Cha pili ni kipande cha boksi la vigae kilichokunjwa mara nne. Kimekauka. Upande mmoja una alama ya mguu wa bakuli, mkikipeleka bafuni mtaona inalingana. Sikio lililokatika bado liko sakafuni chini ya vigae, na tambara la fundi limo ndani ya bomba hadi leo, uzi wake umekatwa kwa kisu, si kwa kuoza.

Askari amenieleza kwamba kutoa maelezo ya uongo ni kosa na kwamba ninaweza kushtakiwa mimi mwenyewe kwa yale ya Jumapili. Amenieleza kwa upole, akaniuliza kama ningependa kwanza kwenda nyumbani nikafikirie. Nimemwambia nilishafikiria. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilimwambia Baba ninakokwenda, na kwamba la kwake kwa Bibi atamwambia mwenyewe, mimi sitamsemea. Saa moja nilipita shuleni nikakabidhi funguo za maabara na daftari la mahudhurio kwa mwalimu mwenzangu, nikamwambia asinisubiri. Saa mbili kasoro nilikuwa kando ya kitanda cha Bibi. Nilimwambia choo kilinyamaza kwa sababu mimi nilikinyamazisha, kwa boksi, kwa mkono wangu, na kwamba masikio yake hayakukosea kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitoa mkono wake kwenye wangu, akauficha chini ya shuka, akaniuliza mlango uko upande gani. Nikamwambia. Akageuza uso upande mwingine.

Saa na simu nimeziacha hukohuko kwa muuguzi. Nimekuja na kandambili na shuka moja.

Niliyoyasema yameishia hapo. Nimesomewa kwa sauti, nikayasoma tena mwenyewe, na safari hii hakuna saa ya kusahihisha.

(Sahihi ya shahidi)

TAARIFA YA ASKARI: Maelezo haya yameandikwa na mimi kuanzia saa 3:10 hadi saa 5:25 asubuhi, shahidi akiwa peke yake na bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Vielelezo viwili vimepokelewa: flanji ya plastiki katika mfuko wake, na kipande cha boksi. Shahidi amezuiwa kituoni akisubiri maelekezo. Mtuhumiwa wa awali, fundi, amearifiwa saa 5:40 kwamba ataachiwa. Shahidi aliomba kuonana naye. Fundi amekataa. Ameuliza jambo moja tu, kama Bibi hajambo, na ameomba arudishiwe drili yake na kimfuko cha skrubu.

(Sahihi ya askari, koplo wa zamu)